Udiwani wa Mwalimu: tulishindwa kura za maoni miaka mitatu kabla hazijapigwa

Mleta uzi

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, na wote mnaofuatilia siasa za huku kwetu, nimekaa kimya tangu Agosti 2025 kwa sababu mgombea niliyemhudumia aliniomba nisiandike neno wakati hasira bado ni mbichi. Sasa ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisimtaje yeye, nisiitaje kata, wala nisimtaje mtu yeyote aliyetukosea, na sharti hilo nitalishika. Inatosha mjue kwamba kata yenyewe iko juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mahali ambapo maji ya bomba hayana uhakika na kila nyumba yenye uwezo imechimba kisima cha kuvunia mvua. Mgombea wetu aliomba udiwani kupitia CCM. Ni mwalimu mstaafu, na ndiye aliyenifundisha kusoma nilipokuwa darasa la pili. Kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama kijiji kizima kinavyomwita.

Kila mtu kijijini ana maelezo yake kuhusu kushindwa kwetu, na karibu maelezo yote yanaanzia usiku wa kuamkia kura. Mimi niliyekuwa naye wiki zote zile, nikibeba daftari na kuendesha pikipiki, naamini jambo jingine: tulishindwa mwaka 2022, na wala hatukujua kwamba tumeshindwa.

Mwalimu hakugombea kwa kutafuta cheo. Kwa miaka mingi amekuwa akisimama kwenye mikutano ya kijiji na kuuliza swali lilelile kuhusu ushuru wa korosho. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, lakini kwa wilaya zetu za korosho huo ndio uti wa mgongo wa mapato ya ndani ya halmashauri, na anayekaa kwenye baraza wakati mapato hayo yanagawiwa ni diwani. Kijijini kwetu kuna boma la zahanati ambalo wananchi walifyatua matofali kwa mikono yao, likafika kwenye lenta, likaachwa pale bila paa hadi miti imeota ndani. Mwalimu alitaka kuwa mtu wa kuliulizia boma lile ndani ya kikao chenye uwezo wa kulijibu. Hiyo ndiyo ilikuwa ajenda yake yote, na mimi sikuona haja ya kumwongezea nyingine.

Kwa wasioujua utaratibu, naomba niueleze, kwa maana jibu langu limo ndani yake. Mwaka 2010 na mwaka 2015, CCM iliwapa wanachama wote haki ya kupiga kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpendekeza mgombea, kwenye matawi yao. Mwaka 2020 ikarudi kwa wajumbe wa vikao vya chama: tarehe 20 na 21 Julai mikutano mikuu ilikaa, waomba ubunge wakajieleza kwa dakika chache, kura zikahesabiwa hadharani, na ndipo usemi wa kwamba wajumbe si watu ulipoenea nchi nzima, kwa sababu wapo walioahidiwa na ukumbi mzima wakatoka na kura za kuhesabika kwa vidole. (Huku kwetu wiki ile inakumbukwa kwa jambo zito zaidi, kwani usiku wa kuamkia tarehe 24 tulimpoteza Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, na wengi tuliziacha habari za kura tukashughulika na msiba.) Mwaka 2025 idadi ya wapiga kura iliongezwa kwa kushuka hadi kwa viongozi wa ngazi za chini, ada ya fomu ikawa shilingi 500,000 kwa ubunge na 50,000 kwa udiwani, majina yakachujwa na vikao kabla ya kurudishwa, kisha kura zikapigwa tarehe 4 Agosti. Tena ni kura za maoni kama jina lake linavyosema: baada ya wajumbe kuna vikao vya uteuzi, na vikao hivyo vinaweza kumpitisha wa pili au wa tatu.

Ada ya fomu Mwalimu aliilipa kutoka mfukoni mwake. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshakwisha zamani, sehemu kwenye bati za nyumba na sehemu kubwa kwenye ada za wanawe. Tulikuwa na pikipiki moja, yangu, na mafuta tulinunua kwa chupa za lita moja za kando ya barabara. Washindani wetu wawili walikuwa na magari, na mmoja wao alikuwa na vijana wa pikipiki katika kila kijiji. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nasema ili mjue kwamba tulipofika kwa mjumbe, mara nyingi tulikuta ameshatembelewa mara mbili, na chai ya wageni wa kwanza bado iko kwenye chupa.

Nataka niseme kwa kirefu kidogo juu ya majira, kwa sababu watu wa mikoa mingine hawalioni jambo hili. Julai na Agosti huku kwetu ni miezi ambayo mikorosho inachanua, na mkulima yuko shambani tangu alfajiri akipuliza salfa kabla upepo haujaanza. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Maana yake ni kwamba kura za maoni huja wakati fedha ya msimu uliopita imekwisha na ya msimu ujao bado ni maua. Huu ndio wakati ambao mnunuzi wa kangomba hupita kwa siri nyumba kwa nyumba akimkopesha mkulima mwenye shida, ili alipwe kwa korosho ambazo hazijaanguka, kwa bei anayoitaka yeye. Mkulima anajua kwamba anapunjwa. Anapokea kwa sababu mtoto anaumwa leo, na Oktoba iko mbali. Sasa mtu huyohuyo ndiye mjumbe, na katika majira hayohayo anakuja mpambe wa mgombea na shilingi 10,000 anayoiita nauli. Nimewasikia watu wa mijini wakiwaita wajumbe wetu wenye njaa. Wangekuja wakae Julai moja tu juu ya uwanda, wangelitumia neno hilo kwa uangalifu.

Naendelea kwenye posti inayofuata ili nisiwachoshe.

Mleta uzi (sehemu ya pili)

Jambo lililotufungua macho lilikuwa orodha. Tulipofika mahali pa kujua ni nani hasa watapiga kura, Mwalimu alikaa na daftari akaanza kuyapitia majina niliyoyakusanya, kijiji baada ya kijiji. Mimi nilidhani angefurahi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya majina yale yalikuwa ya watu aliowafundisha au aliowafundishia watoto. Alipofika ukurasa wa tatu aliweka kalamu chini, akaniambia: "Mwanangu, hawa wote waliingia pamoja." Alikuwa amekumbuka uchaguzi wa ndani wa chama wa mwaka 2022. Viongozi wa mashina, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya chama, na wa matawi walipochaguliwa mwaka ule, kulikuwa na mtu aliyezunguka akiwaomba watu fulani wachukue fomu, akiwasaidia kuzijaza, akihudhuria vikao ambavyo sisi wengine tuliviona ni vya wazee wasio na kazi. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa mpambe mkuu wa mshindani wetu. Wanasiasa wanaita kupanga safu. Safu ile ilipangwa pasipo gari, pasipo bahasha, mchana kweupe, wakati Mwalimu akiwa kwenye mwaka wake wa mwisho kazini na hakuona sababu ya kwenda kwenye kikao cha shina.

Tangu jioni ile nilianza kuielewa heshima tuliyokuwa tukipewa. Kila tulipoingia tuliwekewa mkeka, tukaletewa maji, Mwalimu akasikilizwa hadi mwisho, kisha mwenye nyumba akasema, "Mwalimu, tumekusikia." Hakuna aliyetutukana wala aliyetudanganya waziwazi. Aliyezoea mazungumzo ya huku anajua kwamba mtu akikuambia amekusikia, hajakuambia kwamba amekubali.

Lilikuwapo na suala la ukoo, nalo nilitaje ingawa linaniuma. Kwa mila zetu mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa mtu katika mambo makubwa. Mwalimu alizaliwa upande wa Masasi, akaletwa huku na ajira, akaolewa huku, akazaa huku, na amekaa muda mrefu kuliko umri wangu. Hata hivyo, wiki ya mwisho maneno yakaanza kupita visimani kwamba huyu ni mtu wa kuja. Mshindani wetu alikuwa na wajomba katika vijiji vitatu, wazee wenye sauti, ambao waliweza kumwita mjumbe pembeni na kuzungumza naye kama mpwa. Mwalimu hakuwa na mjomba hata mmoja katika kata nzima. Nilijaribu kumtafutia mzee wa kumsemea, nikampata mmoja mwenye moyo mzuri, lakini mzee wa kuombwa hawezi kuwa sawa na mzee wa damu.

Wapo pia waliomshauri kwa nia njema kabisa kwamba angeomba viti maalumu, kwa sababu kata ni ya wanaume. Aliwajibu kwamba boma la zahanati halikujengwa na wanaume peke yao, kwani maji ya kufyatulia matofali yale yalibebwa kichwani na kina mama. Jibu hilo lilipigiwa makofi mahali tulipokuwa. Katika kura, sina hakika kama lilitupatia hata moja.

Usiku wa kuamkia kura tulikuwa nyumbani kwake, na pikipiki za upande wa pili tulizisikia zikipita hadi karibu na alfajiri. Kijana mmoja wa kambi yetu alitaka tuchangishane tulicho nacho, tuwafikie angalau wajumbe ishirini. Mwalimu alikataa. Alisema kwamba akinunua kura kwa 10,000, siku ya kuuliza habari za ushuru watamwambia kwamba wao walishalipwa. Nilikasirika naye usiku ule, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka tushinde. Kesho yake tulikuwa wa tatu kati ya watatu, tukiwa na kura 19.

Mchangiaji kutoka Nachingwea

Njomba, pole sana, na umfikishie Mwalimu salamu zetu. Hayo ya majira umeyasema vizuri, ila kwetu Lindi kuna tofauti. Huku tuna ufuta, ambao minada yake inakuwa imefanyika kabla ya kura za maoni, kwa hiyo Julai mkulima wa Nachingwea au Ruangwa anaweza kuwa na chochote mfukoni. Lakini bahasha zilipita vilevile. Ndiyo maana nasita kukubali kwamba umaskini wa majira ndio sababu. Swali langu ni moja: kwa nini hamkwenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wakati mlikuwa mnaona na kusikia?

Mleta uzi

Njomba wa Nachingwea, nashukuru kwa kunisahihisha, na la ufuta nalipokea. Huenda majira yanapandisha tu thamani ya bahasha, bila kuwa chanzo chake.

Kuhusu TAKUKURU, nililiwaza sana. Sheria ipo upande wetu. Mnakumbuka kwamba mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006 baada ya shauri lililofunguliwa na watetezi wa haki za binadamu. Kisha mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Kilichokosekana kwetu ni mtu wa kusema, "Mimi nilipewa." Mjumbe aliyepokea anamfahamu aliyempa, wanazikana, wanaozeana watoto. Mimi mwenyewe sikuona noti ikitoka mkono mmoja kuingia mwingine. Nilisikia pikipiki, na asubuhi nilisikia watu wakinong'ona. Nisingeweza kwenda mbele ya ofisa na mlio wa pikipiki. Na jambo jingine ambalo ni lazima niliseme kwa haki: hata tungewaondoa wote waliopokea, safu ya mwaka 2022 ingebaki palepale, na bado tungeshindwa.

Mchangiaji kutoka Mtwara Mjini

Mkuu, nimesoma kwa makini, nami nina maoni tofauti. Kusini si mahali ambapo mtu hana pa kwenda. Mwaka 2015 wananchi wa Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga na majimbo yote mawili ya Kilwa walichagua wabunge wa CUF, chama cha upinzani, katika miaka ambayo majeraha ya sakata la gesi la mwaka 2013, watu walipopinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, yalikuwa bado hayajapona. Mtu mwenye sifa kama za Mwalimu angepokelewa kwa mikono miwili upande wa upinzani, na wananchi wa kawaida, ambao si wajumbe, wangempa kura. Kwa nini abaki mahali ambapo wamemdhalilisha kwa kura 19?

Mleta uzi

Kaka, swali lako waliliuliza watu wengi, na wengine walifika hadi nyumbani kwake wiki ileile. Njia zilizokuwapo mbele yake zilikuwa chache. Mgombea binafsi haruhusiwi hapa nchini, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Kwa hiyo angelazimika kuingia chama kingine. Alilifikiria kwa siku mbili. Alichoniambia ni kwamba angehama kwa sababu ya hasira, na wananchi wangemuuliza jana alikuwa akiamini nini. Mimi ningefanya vingine, nakuambia ukweli, lakini uamuzi ulikuwa wake na nilimheshimu.

Wala simuoni kama aliyedhalilishwa. Wajumbe 19 walimpigia kura bila kupokea hata nauli, na wanane kati yao sikuwa nimewaandika kwenye daftari kama watu wetu.

Mchangiaji ambaye ni mjumbe, wilaya ya Masasi

Mleta uzi, shikamoo kwa Mwalimu. Mimi ni mjumbe, na nimepiga kura za maoni zaidi ya mara moja. Sitatetea bahasha. Lakini naomba na sisi tusikilizwe. Kazi ya shina haina mshahara. Mwanachama akifiwa, mimi ndiye wa kwanza kufika. Wakigombana mpaka wa shamba, mimi ndiye ninayeamshwa. Ada za uanachama nakusanya mimi kwa miguu. Kwa miaka minne na nusu hakuna mgombea anayejua jina langu. Halafu wiki moja tu wanakuja wote, kila mmoja ananiita mzee wangu, na baada ya kura hawarudi. Huyo aliyezunguka mwaka 2022 kwenu, mnamwona ni mjanja aliyepanga safu. Je, mmewahi kujiuliza kama ndiye mtu pekee aliyekuwa anahudhuria vikao vyao? Mwalimu wako ni mtu mwema, lakini kwa mjumbe alikuwa mgeni mwema.

Mleta uzi

Mzee wangu wa Masasi, marahaba anakuitikia Mwalimu mwenyewe, kwa sababu nimemsomea maneno yako kwa sauti na yuko hapa karibu. Ameniomba nirudie sentensi yako ya mwisho mara mbili. Kisha akasema kwamba una haki.

Kwa kweli maneno yako yamenifanya niyasome upya yale niliyoandika juu. Niliandika kwamba safu ilipangwa mchana kweupe, kana kwamba palifanyika hila. Hila ilikuwapo, lakini ilikuja mwishoni, pamoja na pikipiki za usiku. Mwanzoni palikuwa na mtu anayekwenda kwenye vikao, na sisi tusiokwenda. Mwalimu alikuwa na kadi kwa zaidi ya miaka 20, na ada yake aliilipa kwa mkupuo mmoja kila mwaka ili asisumbuliwe. Alidhani kuwafundisha watoto wao kunatosha. Kwa hesabu ya utu kunatosha kabisa, na sitakubali mtu aseme vinginevyo. Ila mjumbe naye ana kazi yake, na alitaka kuona ni nani anaiheshimu kazi hiyo wakati hakuna uchaguzi.

Ninachosisitiza bado ni kwamba utaratibu wenyewe una kasoro. Pale wanachama wote walipopiga kura, kama mwaka 2015, wazazi waliosomeshewa watoto na Mwalimu wangekuwa na sauti sawa na kiongozi wa tawi. Pale kura inapobaki kwa wajumbe, hata wakiongezwa, swali la nani atakuwa diwani linakuwa limejibiwa kwa sehemu kubwa siku wajumbe wanapochaguliwa, siku ambayo wanachama wengi wako shambani na hawana habari. Nimewasikia wanaosema kwamba kura ya wanachama wote nayo ilikuwa na matatizo yake, kadi kugawiwa usiku na watu kuletwa kwa magari kutoka kata nyingine. Sibishi. Hata hivyo kuwanunua watu elfu mbili ni kazi ngumu kuliko kuwanunua mia mbili.

Mchangiaji kutoka Nachingwea

Sasa njomba, Mwalimu anafanya nini kwa hivi sasa? Atarudi mwaka 2030?

Mleta uzi

Hazungumzii 2030. Anazungumzia 2027, ambao ni mwaka wa uchaguzi wa ndani wa chama, maana ule uliopita ulikuwa 2022 na hufanyika kila baada ya miaka mitano. Hajasema kama atachukua fomu ya shina au ya tawi, na sijambana.

Diwani aliyepatikana alimwendea nyumbani mwezi uliopita kwa heshima, akakaa, wakazungumza habari za boma la zahanati. Mwalimu alimpa karatasi ambayo alikuwa ameandaa kwa ajili ya kampeni yetu, yenye hesabu ya mbao, bati na misumari, jinsi fundi alivyoipiga. Mimi nisingempa. Yeye alisema kwamba hesabu hiyo ni ya boma na haikuwa yake.

Vikao vya shina anahudhuria. Vinafanyika chini ya mkorosho wa balozi, saa kumi jioni, watu wakiwa wametoka shambani, na yeye hukaa kwenye mkeka pamoja na kina mama wengine. Kikao cha kwanza walimletea kiti, akakirudisha. Cha tatu hawakumletea tena.